Sura ya Sita: Presi Huitwa kwa Ajili ya Maswali

Jioni ya Novemba 9, 1989, Günter Schabowski alikuwa amebakiza dakika chache tu amalize kazi yake. Alikuwa msemaji mpya wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, na mkutano wake na waandishi, uliorushwa moja kwa moja na televisheni kutoka Berlin, ulikuwa umekwenda karibu saa nzima bila kutoa habari ya ukurasa wa mbele. Ndipo mwandishi wa Italia, Riccardo Ehrman, akauliza kuhusu sheria ya safari. Schabowski akakumbuka karatasi aliyokabidhiwa na mkuu wake, Egon Krenz, kabla ya kuja. Akaitoa, akaisoma: raia wataruhusiwa kwenda nje bila masharti ya zamani, na watapita vivuko vyote vya mpakani. Akaulizwa: kuanzia lini? Akapekuapekua karatasi zake, akajibu kwamba kwa kadiri anavyojua ni mara moja, bila kuchelewa.

Utaratibu ule ulikusudiwa uanze kesho yake, tena wananchi walitakiwa waende kwanza ofisini wakaombe viza. Schabowski hakuwepo kikaoni ulipojadiliwa, na karatasi yenyewe hakuisoma vizuri kabla ya kukaa mbele ya kamera. Saa mbili usiku taarifa ya habari ya Ujerumani Magharibi ikatangaza kwamba mpaka umefunguliwa. Watu wakamiminika vivukoni, walinzi hawana maelekezo yoyote, na kabla ya saa sita kivuko cha Bornholmer Straße kikafunguliwa kwa nguvu ya umati. Ukuta uliosimama miaka 28 ukawa umekwisha kazi.

Ulimwengu ulishangilia kosa hilo, na haki yake. Lakini wewe unayelipwa kuisemea taasisi, liangalie kwa jicho la kazi. Schabowski alikuwa na taarifa, alikuwa na ukumbi, alikuwa na waandishi wa dunia nzima mbele yake. Kilichomwangusha ni swali la kawaida kabisa, ambalo hata mtoto angeuliza.

Sura hii inasimama juu ya jambo moja: mkutano na waandishi wa habari, yaani presi, huitwa kwa ajili ya maswali. Kila uamuzi wa maandalizi, kuanzia siku na saa mpaka nani akae meza kuu, upimwe kwa swali litakaloulizwa.

Je, presi inahitajika?

Mikutano mingi na waandishi huitwa kwa sababu bosi anataka aonekane. Waandishi wanaijua mikutano ya aina hiyo. Wanakuja, wanapiga picha, na habari yenyewe inaishia kapuni.

Kipimo ni rahisi. Andika taarifa yako ukurasa mmoja, mpe mwenzako asiyejua suala hilo, kisha muulize amebaki na maswali gani. Kama hana swali la maana, itume taarifa kwa barua pepe na kwenye kundi la WhatsApp la waandishi wa mkoa wako, uambatanishe picha mbili safi na sauti ya mkurugenzi isiyozidi dakika moja. Uteuzi wa meneja mpya, kupokea msaada wa madawati, kusaini mkataba ambao bado haujaanza kutekelezwa: hayo yote karatasi inatosha.

Presi inahitajika pale ambapo karatasi itaacha watu na maswali mdomoni. Ajali, mlipuko wa ugonjwa, huduma kukatika, bei kupanda, tuhuma nzito dhidi ya taasisi. Hapo mwandishi anahitaji mtu wa kumuuliza, na wananchi wanahitaji kumwona mtu huyo akijibu. Ukiita waandishi kisha ukatangaza kwamba leo hamtapokea maswali, umefanya jambo baya kuliko kutoita kabisa. Umewapotezea muda, na kesho watakwenda kumuuliza mtu mwingine.

Siku, saa na ukumbi

Vyumba vingi vya habari huanza siku kwa kikao cha asubuhi, mhariri akigawa kazi. Isipokuwa kwa dharura, mwaliko wako uwe umefika jana yake, mapema kiasi cha kuingizwa kwenye ratiba. Saa nne au saa tano asubuhi ni wakati mzuri, kwa sababu kila chombo kinabaki na nafasi. Redio inawahi taarifa ya saa saba mchana. Televisheni inapata muda wa kuhariri picha kwa ajili ya habari za Kiswahili za saa moja jioni kule Kenya, au za saa mbili usiku Tanzania. Gazeti linabaki na alasiri nzima ya kumtafuta mtu wa pili na kuhakiki tarakimu. Ukiita watu saa kumi jioni, gazeti litakuandika kwa haraka au halitakuandika.

Tazama kalenda pia. Ijumaa mchana watu wako msikitini. Alhamisi ya Juni inaposomwa bajeti, habari nyingine zote hupungua ukubwa. Na saa nne iwe saa nne. Mwandishi anayemsubiri mgeni rasmi mpaka saa sita ana kazi nyingine mbili za kwenda siku hiyo. Ataondoka, au atabaki akiwa amenuna, na maswali yake yatakuwa na miiba.

Pale ambapo jambo litaendelea kwa wiki kadhaa, tengeneza mazoea. Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Machi 13, 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe na wasaidizi wake walianza kuzungumza na wanahabari karibu kila siku. Mpangilio haukubadilika sana: sampuli zilizopimwa, walioambukizwa, waliopona, waliofariki, kisha maswali. Wananchi walijua wasubiri nini. Mwandishi naye hakuwa na sababu ya kuokota tarakimu mitandaoni wakati wa uhakika zinakuja mchana.

Kuhusu ukumbi, chagua mdogo. Watu 20 katika chumba cha watu 25 wanaonekana wengi. Watu hao hao katika ukumbi wa harusi wanaonekana kama waliopotea njia. Dar es Salaam taasisi nyingi zimetumia ukumbi wa Idara ya Habari (MAELEZO), kwa kuwa waandishi wanaujua na kamera zimeuzoea. Popote utakapokwenda, fika jana yake saa ile ile ya mkutano. Kaa kwenye kiti cha msemaji, umwambie mwenzako akupige picha kwa simu. Kama nyuma yako kuna dirisha, uso wako utatoka mweusi. Sikiliza feni, jenereta, na shule ya jirani wakati wa mapumziko, maana mtu wa redio hawezi kutumia sauti iliyofunikwa na kelele za watoto. Hesabu soketi za umeme. Weka meza mbele ya msemaji yenye nafasi ya maikrofoni zote, na jukwaa la kamera nyuma ya viti ili wapiga picha wasiwazibe wenzao.

Karatasi utakayowapa

Tuchukue mfano tutakaotembea nao mpaka mwisho wa sura. Katika mji fulani, bomba kuu la maji limepasuka, kata tatu hazina maji. Mamlaka ya maji imeamua kuita waandishi, na ofisa uhusiano ameandika hivi:

"Ndugu waandishi wa habari, awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia afya njema, na kuwashukuru ninyi kwa kuitikia wito wetu. Mamlaka yetu, katika kutekeleza majukumu yake ya msingi, imekuwa ikifanya jitihada mbalimbali za kuhakikisha wananchi wanapata huduma bora…"

Mpaka hapo hakuna maji, hakuna bomba, hakuna kata. Mtu wa kamera ameshazima. Shukrani kwa Mungu na kwa wageni ni adabu yetu, na msemaji azitamke kwa mdomo anapofungua, kwa sentensi moja. Karatasi ianze na habari:

"Bomba kuu linaloleta maji mjini lilipasuka usiku wa kuamkia leo, saa tisa. Kata tatu hazina maji. Tunatarajia kumaliza matengenezo kesho kutwa jioni. Kuanzia leo saa kumi na mbili jioni, magari ya maji yatasimama kwenye shule za msingi za kata hizo, na maji ni bure. Maji yanayotoka kwenye kata nyingine ni salama. Tumeyapima asubuhi hii na majibu yamebandikwa mlangoni kwetu."

Mtangazaji wa redio anaweza kuisoma hivyo ilivyo. Mama aliyezoea kununua dumu la lita 20 kwa bei ya kuruka anajua apeleke dumu wapi na saa ngapi. Uvumi uliokwisha kuingia WhatsApp, kwamba maji yana sumu, umejibiwa bila kutajwa.

Ndani ya taarifa iwepo sentensi moja itakayotembea yenyewe. Kagwe alikuwa nayo Machi ile alipowaonya Wakenya kwamba tukiendelea kuishi kama kawaida, ugonjwa huu utatutenda isivyo kawaida. Ilirudiwa redioni, kwenye matatu na kwenye vichekesho vya mitandaoni, na ujumbe ukafika hata kwa wasiosikiliza taarifa ya habari. Sentensi ya namna hiyo huandikwa kabla, hukatwa maneno ya ziada, na hujaribiwa kwa sauti. Mara chache sana huja yenyewe mbele ya maikrofoni.

Nani akae meza kuu

Desturi yetu ni kujaza meza kuu: mwenyekiti wa bodi, mkurugenzi, wakuu wa idara, mwakilishi wa mkuu wa wilaya, na ofisa uhusiano akisimama pembeni. Kila kiti ni mdomo mmoja zaidi, na kila mdomo unaweza kutoa jibu tofauti.

Septemba 21, 2013, magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi. Mzingiro ulidumu siku nne na watu 67 waliuawa. Katika siku hizo serikali ilizungumza sana, ila kwa vinywa vingi. Waziri wa Mambo ya Ndani, Joseph Ole Lenku, alisema washambuliaji wote ni wanaume. Waziri wa Mambo ya Nje, Amina Mohamed, akiwa Marekani, aliiambia televisheni ya PBS kwamba miongoni mwao wamo Wamarekani wawili au watatu na mwanamke Mwingereza. Moshi mzito ulipoonekana ukifuka juu ya jengo, Lenku alieleza kuwa magaidi wamechoma magodoro, maelezo ambayo Wakenya wengi waliyakataa pale pale. Idadi ya washambuliaji ilitajwa kuwa 10 hadi 15. Uchunguzi wa baadaye ukaelekea kwenye wanne. Vikosi vilikuwa katika hatari halisi na maofisa walikuwa katika mkanganyiko halisi, hilo halina ubishi. Lakini kila tamko lililopingana na jingine lilipunguza imani kwa tamko lililofuata, hata lilipokuwa la kweli.

Linganisha na Dodoma, Januari 20, 2025. Siku chache kabla yake Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa taarifa ya kushukiwa mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, na Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Mwananchi amwamini nani? Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, walitokea mbele ya waandishi pamoja, na Rais akathibitisha mgonjwa mmoja. Vyanzo viwili vilivyokuwa vinatofautiana vilisimama mahali pamoja na kutaja tarakimu moja. Kama taasisi yako inapishana na taasisi nyingine, msiitishe presi mbili. Kubalianeni kwanza, kisha mkae meza moja.

Kwa bomba letu, watu wawili wanatosha: mkurugenzi, kwa sababu ndiye anayeweza kuahidi, na mhandisi aliyeko kazini, kwa sababu ndiye anayejua. Mtu wa tatu aongoze mkutano: ataje utaratibu, agawe maswali kwa haki, na aseme "swali la mwisho" wakati ukifika. Viongozi wengine wakae mstari wa mbele pamoja na wageni.

Kikao cha maswali

Siku moja kabla, au asubuhi ile ile kama jambo ni la dharura kama bomba letu, funga mlango na ukusanye watu wa ndani. Usiite wakuu wa idara peke yao. Mwite fundi, mhasibu, dereva, na hasa mtu anayepokea simu za wateja, maana huyo anajua wananchi wanauliza nini na kwa ukali gani. Kila mmoja aandike maswali ambayo asingependa kuulizwa. Kisha mkurugenzi akae mbele, aulizwe bila heshima ya cheo.

Kwa bomba letu yatakuja haya. Bomba lina umri gani, na mlijua lini kwamba limechoka? Fedha za matengenezo za mwaka jana zilikwenda wapi? Mbona mtaa wanakokaa wakubwa maji yanatoka? Mnaweza kutuhakikishia halitapasuka tena?

La wakubwa ndilo litakalopigiwa makofi ukumbini. Kama mtaa ule unalishwa na tangi la mlimani kwa bomba jingine, jibu ni ramani: itundikeni ukutani, mhandisi aoneshe kwa kidole. Lakini huenda kwenye kikao hiki ikagundulika kwamba kuna mtu alifungua koki usiku ili wakubwa wasikose maji. Hapo tatizo ni koki. Kaifungeni sasa hivi, na mkiulizwa mseme kilichotokea na kilichofanyika. Hii ndiyo faida ya kikao cha maswali ambayo vitabu vingi vya uhusiano huiruka: huonyesha kasoro ya taasisi wakati bado kuna muda wa kuirekebisha.

La kuhakikishia ni mtego wa kukisia. Ukisema "ndiyo" umeahidi usichokimiliki. Ukisema "hapana" umeandika kichwa cha habari cha kesho. Jibu kwa unalolijua: "Tunabadilisha kipande hiki chote. Kilichobaki ni cha zamani, na mpango wa kukibadilisha huu hapa, na muda wake huu." Kama mpango haupo, usiubuni.

Usipokuwa na jibu, sema: "Hilo sina jibu lake sasa hivi. Nitakupatia leo kabla ya saa kumi." Kisha lipeleke kabla ya saa kumi, kwa waandishi wote waliokuwepo. Msemaji anayekiri kutojua jambo moja huaminiwa zaidi katika mengine tisa. "Sina la kusema" ni kitu kingine kabisa. Mwandishi huinakili hivyo ilivyo, na msomaji huisoma kama kukiri kosa.

Swali likija na neno chafu ndani yake, usilichukue neno hilo. Ukiulizwa "Je, huu si wizi?" na ukajibu "Huu si wizi," neno litakalobaki kwenye sauti ni wizi, tena kwa kinywa chako. Jibu: "Hesabu zetu zinakaguliwa kila mwaka, na ripoti iko wazi."

Zaidi ya yote, msemaji akumbuke nani ameumia. Mei 2010, mafuta yakiwa yanamwagika Ghuba ya Mexico baada ya mlipuko wa Deepwater Horizon uliowaua wafanyakazi 11, mkuu wa BP, Tony Hayward, aliomba radhi mbele ya waandishi. Kisha akaongeza kwamba hakuna anayetaka jambo hili liishe kuliko yeye, kwani anataka arudishiwe maisha yake. Radhi ilisahaulika siku hiyo hiyo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi hujikwaa zaidi pale mtu anapoanza kujihurumia. Kumbuka pia kwamba maikrofoni iko hai mpaka gari la mwandishi wa mwisho litoke getini. Utani wa mlangoni ni sehemu ya mkutano.

Habari ya bahasha

Tulizungumze bila kuzunguka. Waandishi wengi wa mikoani hawana ajira. Wanalipwa kwa habari iliyochapishwa, kiasi kidogo, na nauli ni yao. Ndiyo maana mwisho wa presi nyingi hupita karatasi ya kusaini na bahasha. Maadili ya Baraza la Habari Tanzania yanakataza mwandishi kupokea kitu kwa ajili ya habari, na wahariri makini wanachukia jambo hilo.

Tazama pia hasara upande wako. Mwandishi uliyemlipa hawezi kukuuliza swali gumu mbele ya watu. Utatoka ukumbini umeridhika, na swali lile lile litaulizwa kesho bungeni au kwenye kikao cha madiwani, mahali ambapo hukujiandaa. Kama eneo ni la mbali, kodi basi moja, litangaze kwenye mwaliko, na lichukue kila anayetaka kupanda. Maji ya kunywa na chai ni ukarimu wa kawaida. Zaidi ya hapo, fedha hiyo ichapishe ramani na picha nzuri.

Baada ya presi

Ndani ya saa moja tuma taarifa, picha na sauti kwa wote, pamoja na walioshindwa kuja. Ofisa uhusiano asizime simu jioni hiyo. Anayepiga saa tatu usiku kuhakiki kama ni kata tatu au nne anakuepusha na kosa la kesho.

Kosa likitoka, mpigie mwandishi kwanza, kwa upole, ukiwa na tarakimu sahihi mkononi. Makosa mengi huishia hapo. Asiporekebisha, nenda kwa mhariri wake kwa maandishi. Ikishindikana, liko Baraza la Habari Tanzania, na Kenya iko Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Kutishia kuondoa matangazo kutakupa ushindi wa wiki moja na sifa mbaya ya miaka. Na usiombe kusoma habari kabla haijachapishwa; omba kuhakiki nukuu na tarakimu zako tu.

Mwisho, weka daftari la maswali. Kila presi ikiisha, andika yote yaliyoulizwa, nani aliuliza, na mlijibu nini. Baada ya mwaka mmoja utaona baadhi yanajirudia: bomba la zamani, fedha za matengenezo, mtaa wa wakubwa. Msemaji hodari anaweza kulijibu swali moja vizuri mara ya kwanza, na mara ya pili akaongeza maelezo. Likirudi mara ya tatu, peleka daftari kwa mkurugenzi, kwa sababu kazi iliyobaki ni yake.